Ukuta wa Nta: Mwongozo kwa Wataalamu wa Maabara za Kifua Kikuu

Slaidi ya makohozi ikishamwagiwa fuksini na kupashwa moto hadi mvuke uanze kupanda, kila kilichomo hugeuka chekundu: ute, seli za mgonjwa, bakteria wa kawaida wa kinywani, na bakteria wa kifua kikuu kama wamo. Ikimiminiwa asidi-alkoholi, wekundu hutiririka na kuisha. Vinavyobaki na rangi ni vijiti vyembamba, vingine vimepinda kidogo, ambavyo asidi imeshindwa kuvisafisha. Kila mteknolojia wa maabara hujifunza jambo hili mapema chuoni, kisha hulirudia maelfu ya mara kazini. Sababu yake hufundishwa kwa sentensi moja, kwamba bakteria huyu ana ukuta wa nta, na mtihani ukipita sentensi hiyo husahaulika.

Kusahaulika huko kuna gharama. Hatua nyingi zinazoonekana kuwa usumbufu mezani zimewekwa kwa sababu ya kemia ya ukuta huo. Anayeifahamu kemia hiyo hutambua ni hatua ipi haivumilii kufupishwa hata foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu, na ni ipi inayoweza kurekebishwa bila madhara. Mwongozo huu unaanza na ukuta wenyewe na glikolipidi zake, yaani mafuta yaliyounganishwa na sukari, unaeleza jinsi bakteria anavyoyaunda, kisha unarudi mezani.

Ukuta ulivyojengwa

Kutoka ndani kwenda nje, bakteria wa kifua kikuu ana utando wa seli kama bakteria wengine, kisha tabaka la peptidoglikani linaloipa seli umbo lake. Juu ya tabaka hilo umeshikizwa mtandao wa sukari za galaktosi na arabinosi uitwao arabinogalaktani. Upekee wake uko kwenye ncha za matawi ya arabinosi, ambako zimefungwa asidi za mikoli: minyororo ya mafuta yenye kaboni 60 hadi 90. Minyororo mingi ya mafuta ya alizeti ya jikoni ina kaboni 18 tu. Aliyewahi kukaa chini ya paa la makuti anaweza kuiwaza arabinogalaktani kama fito, na asidi za mikoli kama makuti yaliyofungwa juu yake kuti kwa kuti, hata maji hayapati pa kupenyea.

Asidi za mikoli zilizofungwa kwenye fito hizo ni upande mmoja tu wa paa. Upande unaotazama nje umetandwa glikolipidi huru, ambazo hazikufungwa kwa kifungo cha kikemia. Zimejipenyeza kati ya minyororo ya mikoli kwa sababu mafuta huvutana na mafuta. Tofauti hiyo ina maana kazini. Glikolipidi huru huondolewa kwa viyeyushi kama klorofomu, na baadhi yake hubanduka zenyewe na kuingia mwilini mwa mgonjwa. Zile zilizofungwa hubaki na seli hata ikifa. Ndiyo maana bakteria aliyekwisha kuuawa na dawa huweza kuonekana mwekundu hadubinini kwa muda, na slaidi chanya ya mgonjwa aliye kwenye matibabu haithibitishi peke yake kuwa bakteria wako hai.

Glikolipidi zenyewe ni koo kadhaa. Wa kwanza ni wa trehalosi, sukari inayotokana na glukosi 2 zilizoshikana. Ikibeba asidi moja ya mikoli huitwa trehalosi monomikoleti, kwa kifupi TMM. Ikibeba mbili huitwa trehalosi dimikoleti, TDM. Hii ya pili ina historia ndefu. Mwaka 1947 Gardner Middlebrook na wenzake walionyesha kuwa bakteria wa aina kali huota wameshikamana kama kamba iliyosokotwa, ilhali wa aina dhaifu hutawanyika. Mwaka 1950 Hubert Bloch alitenga mafuta aliyoyahusisha na kamba hizo, na kufikia mwaka 1956 ilijulikana kuwa ni TDM. Mwaka 2009 ikabainika kwamba chembe za kinga huitambua TDM kupitia kipokezi kiitwacho Mincle. Mteknolojia anayetengeneza slaidi kutoka kwenye mrija wa kuoteshea huziona kamba hizo mpaka leo. Ni ishara nzuri ya mapema, lakini haitoshi kuandikiwa jibu, kwa kuwa baadhi ya jamaa wa bakteria huyu wanaoishi kwenye maji na udongo nao husokota kamba. Kipimo cha utambuzi lazima kifuate.

Trehalosi hiyohiyo ikipewa salfeti na minyororo mingine ya mafuta huzaa salfolipidi. Mwaka 2020 watafiti wa Texas walionyesha kuwa salfolipidi-1 huamsha neva za maumivu, na wanyama wa maabara waliovutishwa mafuta hayo walikohoa. Kwa maneno mengine, bakteria anaonekana kujitengenezea usafiri wa kutoka kifua kimoja kwenda kingine. Kwa anayepanga mahali pa wagonjwa kutolea makohozi, ugunduzi huo unakumbusha kuwa kikohozi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe na hakizuiliki kwa kumwambia mgonjwa ajikaze. Mahali hapo pawe nje, penye upepo, mbali na madirisha ya watu wengine.

Ukoo wa fosfatidilinositoli una mizizi katika utando wa seli. Mafuta hayo hupachikwa sukari za manosi moja baada ya nyingine na kuwa PIM, kisha lipomanani, kisha lipoarabinomanani, maarufu kwa jina la LAM. LAM ndiyo inayotafutwa kwenye mkojo. Ukoo mwingine ni glikolipidi zenye fenoli. Katika bakteria wa ukoma glikolipidi hiyo huitwa PGL-I, yenye sukari 3 za namna ya pekee. Inahusika katika kumwezesha bakteria kushika seli zinazozingira neva, na hapo ndipo ganzi ya mgonjwa wa ukoma inapoanzia.

Kuna pia glikolipidi ambazo bakteria wa kawaida wa kifua kikuu hana kabisa. Mycobacterium canettii, ndugu yake wa karibu ambaye amepatikana zaidi katika Pembe ya Afrika, hasa Djibouti, ana lipo-oligosakaridi zinazoyafanya makoloni yake yawe laini na yenye kung'aa. Makoloni ya kifua kikuu hutarajiwa kuwa makavu, yenye mikunjo, rangi ya malai. Koloni laini kwenye mrija wa Löwenstein-Jensen lisitupwe kama uchafu kabla ya kupakwa rangi na kutazamwa.

Jinsi bakteria anavyoyaunda mafuta haya

Ramani ya jeni zote za bakteria wa kifua kikuu ilipochapishwa mwaka 1998 na kundi lililoongozwa na Stewart Cole, ilionekana kuwa ana vimeng'enya vipatavyo 250 vya kushughulikia asidi za mafuta, ilhali E. coli ana vipatavyo 50. Uwiano huo unaonyesha kazi yake kubwa ni ipi.

Ujenzi wa asidi ya mikoli huanza ndani ya seli kwenye mtambo uitwao FAS-I, protini moja kubwa inayotoa minyororo ya kaboni 16 hadi 18 na mingine ya 24 hadi 26. Minyororo mifupi hupelekwa kwenye mtambo wa pili, FAS-II, ambako vimeng'enya tofauti huirefusha kaboni 2 kila mzunguko hadi ifikie karibu kaboni 56. Hatua ya mwisho ya kila mzunguko hufanywa na kimeng'enya InhA. Jina hilo linastahili kukumbukwa, kwa kuwa linarudi katika majibu ya usugu wa dawa. Kisha Pks13 huunganisha mnyororo mrefu wa FAS-II na ule wa kaboni 26 uliobaki kutoka FAS-I, na zao hilo hubebeshwa trehalosi. Baada ya marekebisho madogo hupatikana TMM.

TMM ni mchukuzi. Protini iitwayo MmpL3 huivusha utando kutoka ndani kwenda nje. Huko nje hupokewa na vimeng'enya 3 vya kundi la Ag85, ambavyo huivua asidi yake ya mikoli na kuipa arabinogalaktani, au kuipa TMM nyingine ili iwe TDM. Trehalosi iliyobaki mikono mitupu hairuhusiwi kupotea. Hurudishwa ndani na kisafirishi maalumu ikabebe mzigo mwingine. Kwa bakteria anayechukua saa 18 hadi 24 kugawanyika mara moja, ubahili huo unaeleweka. E. coli huhitaji kama dakika 20, na sehemu ya tofauti hiyo ni bei ya paa. Ndiyo sababu mrija wa Löwenstein-Jensen hautangazwi kuwa hasi kabla ya wiki 8.

LAM hufuata njia yake. Upande wa ndani wa utando, kimeng'enya PimA huchukua manosi ya kwanza kutoka GDP-manosi na kuipa fosfatidilinositoli, kimeng'enya cha pili huongeza nyingine, na mnyororo wa mafuta huongezwa. Baada ya manosi chache njia hugawanyika: moja huishia PIM yenye manosi 6, nyingine huendelea hadi lipomanani. Hatua za baadaye hufanyika upande wa nje wa utando, ambako manosi haitolewi tena na GDP-manosi bali na mafuta marefu yanayoibeba sukari hiyo. Mwishoni EmbC hujenga matawi ya arabinosi, na katika bakteria wa kifua kikuu ncha za matawi hayo hufunikwa kwa manosi. Ndugu zake EmbA na EmbB hujenga arabinosi ya arabinogalaktani, yaani zile fito za paa.

Dawa mbili za kila siku zinaingilia ujenzi huu. Ethambutoli huzuia vimeng'enya vya Emb. Isoniazidi ilitengenezwa Prague mwaka 1912 na wanakemia wasiokuwa na kifua kikuu akilini, ikakaa kabatini miaka 40, hadi mwaka 1952 ilipogunduliwa kuwa inaua bakteria huyu. Haiui ilivyo. Huamshwa kwanza na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, KatG, kisha zao lake huzuia InhA. Bakteria aliyeathiriwa na isoniazidi huanza kupoteza hata uwezo wake wa kushika rangi mbele ya asidi, jambo lililojulikana tangu miaka ya 1950.

Kupaka rangi

Joto katika njia ya Ziehl-Neelsen limewekwa kwa ajili ya nta. Fuksini iliyochanganywa na fenoli hupenya paa la mafuta likiwa limelainishwa na moto. Likipoa hujifunga, na rangi hubaki ndani. Kwa hiyo moto usiotosha hutoa majibu hasi ya uongo hata kama kila kitu kingine kimefanywa ipasavyo. Mvuke upande, rangi isichemke, slaidi isikauke, na dakika 5 zihesabiwe kwa saa, si kwa kukisia. Rangi ikichemka hutengeneza chembechembe ambazo jicho lililochoka huzisoma kuwa bakteria.

Asidi-alkoholi ya asilimia 3 hukaa dakika 3. Kuna wanaoamini kuwa kuizidisha kidogo hupunguza nguvu ya bakteria kushika rangi, hivyo huifupisha kwa tahadhari. Tahadhari hiyo haina msingi mkubwa kwa kifua kikuu, ambacho paa lake ni imara. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuifupisha na kuacha uchafu mwekundu. Kwa ukoma hali ni tofauti. Bakteria wake hushika rangi kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo hutumiwa asidi nyepesi, na maabara inayopima magonjwa yote mawili isichanganye chupa.

Maji yanastahili aya yake. Katika maabara moja, ambayo haina haja ya kutajwa, slaidi hasi za udhibiti zilianza kuonyesha vijiti vyekundu viwili vitatu kila moja. Rangi zilibadilishwa, slaidi mpya zikafunguliwa, wafanyakazi wakaanza kutupiana lawama. Chanzo kilikuwa bomba. Ndani ya mabomba ya maji huishi jamaa wa bakteria wa kifua kikuu wenye asidi zilezile za mikoli, na asidi-alkoholi haiwatofautishi. Rangi zichanganywe kwa maji yaliyotoneshwa au yaliyochujwa, vyombo vya maji visafishwe na kukaushwa, na mafuta ya hadubini yafutwe kila slaidi isiyo na bakteria inapofuata iliyo nao. Maabara ile isingejua lolote kama ingekuwa na mazoea ya kuandika «slaidi za udhibiti: sawa» bila kuzitazama.

Kuhesabu kuna kanuni, na kanuni hizo zina uzito wa kimaadili. Bakteria 10 hadi 99 katika nyuga 100 za hadubini ni 1+. Bakteria 1 hadi 10 kwa kila uga, katika nyuga 50, ni 2+. Zaidi ya 10 kwa kila uga, katika nyuga 20, ni 3+. Wakiwa 1 hadi 9 katika nyuga 100, huandikwa idadi yao halisi. Kusema hasi ni lazima nyuga 100 ziwe zimetazamwa. Slaidi iliyotazamwa nyuga 30 na kuandikwa hasi ni cheti cha uongo, hata kama mgonjwa kweli hana ugonjwa. Aidha, hadubini huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili waonekane. Jibu hasi lililopatikana kwa uaminifu bado haliondoi kifua kikuu, na fomu ya majibu isiandikwe kana kwamba imeondoa.

Kusafisha sampuli na kusafisha meza

Paa hilohilo ndilo linaloruhusu makohozi kuoteshwa. Sodiamu haidroksaidi huua bakteria wa kinywani haraka na wa kifua kikuu polepole, na pengo kati ya haraka na polepole ndiyo nafasi pekee ya kufanyia kazi. Dakika 15 zikipita, kemikali isimamishwe. Anayeweka sampuli 20 kwenye mstari mmoja na kuanza kuzihesabia zote muda wa ile ya mwisho anawaua bakteria wa mgonjwa wa kwanza, na mgonjwa huyo atapewa jibu hasi baada ya wiki 8 za kungoja. Idadi ya mirija kwa mkupuo mmoja ipangwe kwa kasi ya mikono, si kwa ukubwa wa mashine ya kuzungushia.

Kwa upande wa meza, ukuta huo hugeuka adui. Dawa nyingi za kusafishia sakafu na vyoo, hasa zenye misombo ya amonia ya daraja la nne, hazimuui bakteria wa kifua kikuu kwa kutegemewa, hata kama lebo inatangaza kuua asilimia 99 ya vijidudu. Spiriti ya asilimia 70, fenoli ya asilimia 5 na klorini iliyochanganywa siku hiyohiyo ndizo zinazokubalika, kila moja kwa mahali pake. Klorini hudhoofishwa na makohozi yenyewe, kwa hiyo chombo kilichojaa makohozi na kunyunyiziwa klorini kidogo juu hakijasafishwa. Waya wa kutandazia makohozi usipelekwe motoni ukiwa na makohozi. Mafuta na ute vikipata moto wa ghafla hurusha matone. Uchovywe kwanza kwenye chupa yenye mchanga na spiriti, usuguliwe, ndipo uchomwe.

Hapa haki za mfanyakazi zinaingia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania, na ile ya mwaka 2007 nchini Kenya, zinamwajibisha mwajiri kuhakikisha mazingira salama ya kazi. Kifua kikuu kimo pia katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani. Barakoa ya N95, kabati la usalama lililokaguliwa, na uchunguzi wa afya wa mara kwa mara kwa wanaoshika makohozi si zawadi ya mwajiri mwema. Kwa upande wa pili, mfanyakazi aliyepewa vifaa hivyo akaviacha kwenye droo anadhoofisha madai yake mwenyewe siku atakapougua. Kila kumwagika kwa sampuli kuandikwe kwenye rejista ya matukio, tarehe na saa, hata kama hakuna aliyeumia. Dai la fidia linaloletwa miaka miwili baadaye husimama juu ya kumbukumbu hizo.

Kuandika majibu ya usugu

Aliyefuata njia ya isoniazidi hapo juu anaona mara moja kuwa kuna milango miwili ya usugu. Bakteria akiharibu KatG, dawa haiamki, na usugu huwa mkubwa. Akiongeza uzalishaji wa InhA kwa badiliko katika eneo linaloamrisha jeni hiyo, dawa huamka lakini hukuta kazi kubwa mno. Usugu huu kwa kawaida ni mdogo. Mlango wa pili una matokeo mengine. Ethionamidi nayo humlenga InhA baada ya kuamshwa na kimeng'enya tofauti, hivyo badiliko hilo hugusa dawa zote mbili kwa pamoja, ilhali badiliko la katG pekee haligusi ethionamidi.

Kwa hiyo maabara inayosoma mistari kwenye ukanda wa kipimo cha jeni kisha ikaandika tu «sugu kwa isoniazidi» imetupa nusu ya jibu. Daktari anayepanga kama atumie isoniazidi ya dozi kubwa, au kama ethionamidi ina nafasi, anahitaji kujua mlango gani ulitumika. Iandikwe: badiliko lipo katG, au eneo la inhA, au vyote viwili. Kama mstari ni hafifu na wasomaji wawili wametofautiana, iandikwe hivyo na kipimo kirudiwe. Kulazimisha makubaliano kwa sababu msimamizi ndiye aliyesoma kwanza ni kosa la kitaaluma linalovaa nguo za heshima.

LAM kwenye mkojo

Kipimo cha LAM kinategemea ile glikolipidi iliyobanduka. Kwa mtu mwenye VVU aliyedhoofika sana, bakteria husambaa kwa damu hadi kwenye figo, na vipande vya LAM hupatikana kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hicho mwaka 2015 na kupanua walengwa mwaka 2019. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika hospitali 10 za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa wagonjwa zaidi ya 2,500 wenye VVU waliolazwa, ulionyesha kuwa vifo ndani ya wiki 8 vilishuka kutoka asilimia 25 hadi 21 pale kipimo hiki kilipoongezwa. Wagonjwa hao mara nyingi hawana nguvu hata ya kutoa makohozi. Kuwaomba mkojo ni kuwapa njia ya kupimwa ambayo miili yao bado inaiweza.

Tahadhari ya majina inahitajika. Katika taarifa za utafiti wa jeni, «LAM» ni pia kifupi cha tawi moja la nasaba ya bakteria wa kifua kikuu lililopewa jina la Amerika ya Kilatini na Mediterania. Herufi ni zilezile, maana haihusiani kabisa. Ripoti iliyoandika «LAM chanya» bila kutaja kipimo wala sampuli imewahi kumfikisha mtu kwenye mkanganyiko usiohitajika.

Mkojo ukusanywe kwenye chombo safi, na mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kwa faragha, kuwa choo kikubwa au udongo usiingie. Bakteria wengine wenye glikolipidi zinazofanana na LAM wanaweza kuleta mstari wa uongo. Kipimo hutumia mikrolita 60. Kisomwe kuanzia dakika 25, si baada ya dakika 35, chini ya mwanga wa kutosha, kwa kulinganisha na kadi iliyokuja na kifurushi hichohicho. Kadi ya zamani iliyobandikwa ukutani isitumike. Mstari ulio hafifu kuliko daraja la chini la kadi ni hasi, hata kama moyo wa msomaji unamwonea huruma mgonjwa. Jibu hasi halimwondolei mgonjwa uwezekano wa kifua kikuu. Jibu chanya lipelekwe wodini wakati huohuo kwa mkono au kwa simu, na rejista ionyeshe daraja, saa ya kuweka mkojo, saa ya kusoma, jina la aliyepokea taarifa wodini, na saini ya aliyesoma.